Mkate wa Mwanafunzi Mgeni

Kila mwaka akina mama hutuuliza swali lile lile: mtoto amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, karo imelipwa, je, atakula nini huko?

Swali hili ni la kale, na Cairo walilijibu kabla ya ufadhili wa kisasa kuwapo. (Mpango mashuhuri wa Fulbright wa Marekani ulianza juzi tu, mwaka 1946, kwa fedha za mali za vita zilizouzwa ng'ambo.) Msikiti wa al-Azhar, ulioanza kujengwa mwaka 970, ulikuja kuwa na riwaki, yaani kumbi za wanafunzi wa kila nchi: Maghribi, Sham, Uturuki, na Jabarti, ndio Waislamu wa Uhabeshi na pande za Zeila, jirani zetu wa kaskazini. Kila riwaki ilikuwa na sheikh wake. Mwanafunzi hakudaiwa karo, na juu ya hayo alipewa mikate. Mikate ile ilitokana na wakfu: shamba, duka au nyumba iliyotolewa na mwanamume au mwanamke kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wala mtoaji hakumjua mlaji.

Katika ukoo mmoja wa Jabarti, ambao wazee wake waliiongoza riwaki yao kizazi baada ya kizazi, alizaliwa Abdurrahman al-Jabarti, aliyeandika tarikh ya Misri na habari za Wafaransa walipoivamia mwaka 1798. Mjukuu wa wageni ndiye aliyewahifadhia wenyeji habari zao.

Wasichana hawakuwa na riwaki, na hilo hatulifichi. Hata hivyo, katika karne ya 11, Karima binti Ahmad, mwenye asili ya Marw, alikaa Makka akisomesha Sahihi ya Bukhari, na al-Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni mkubwa wa Baghdad, alipokwenda Hija aliketi akaisoma kwake.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alizitwaa ardhi za wakfu wa misikiti. Al-Azhar ikapoteza sehemu kubwa ya mali yake. Serikali ikabaki kugharimia matengenezo na mishahara ya wakuu. Darsa ziliendelea. Kilichopungua ni mkate.