UCHAMBUZI: Umeme umefika Handeni na Korogwe, mafundi je?

TANGU Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimesogea hadi vijiji ambavyo awali vilitegemea koroboi. Hata hivyo, nguzo pekee haiwashi taa. Nyumba haina budi kutandazwa nyaya na fundi mwenye leseni ya EWURA kabla TANESCO haijaiunganisha. Asipopatikana kijijini, huagizwa mjini kwa gharama, au kazi huangukia kwa mbabaishaji na nyumba kuwa hatarini kuungua.

Handeni ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, miongoni mwa vyuo vilivyoanza kuanzishwa mwaka 1975 kwa mfano wa Sweden. Korogwe ina kituo cha kufua umeme cha Hale, kilichojengwa mwaka 1964 kwa uwezo wa megawati 21. Upande mmoja una madarasa, mwingine una mitambo.

Kinachohitajika ni makubaliano ya kudumu, mwajiri ashiriki kupanga mafunzo, kutoa vifaa na kupima ujuzi. Vinginevyo, kijana wa Handeni atabaki kuchimba mashimo ya nguzo, huku fundi wa kuunganisha nyaya akitoka mbali.