Masjala Isiyo na Karani

YEYOTE aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya serikali au shirika la umma anamjua karani wa masjala. Barua zilipoingia asubuhi, yeye ndiye aliyezifungua, akazigonga muhuri wa tarehe, akaziandika katika rejista, kisha akaitia kila moja katika jalada lake. Barua ya mishahara haikutiwa katika jalada la matengenezo ya magari. Na ilipotokea, sote tulijua nani wa kuulizwa.

Leo barua nyingi hutufikia kwa kompyuta na simu, na karani hayupo. Kikasha cha barua pepe hupokea vyote kwa pamoja: taarifa ya benki, ada ya shule, matangazo ya maduka, salamu za ndugu aliye mbali. Ndiyo sababu huduma hizi zina kanuni za kupanga barua, ambazo katika Gmail ni vichujio. Unaiagiza kompyuta: barua ikitoka kwa fulani, au ikiwa na neno fulani, itie katika folda hii.

Binti mmoja jirani yetu, aliyekuwa akitafuta kazi tangu amalize chuo, alichoshwa na matangazo yaliyommiminikia kila siku. Akatunga kanuni: kila barua yenye maneno "nafasi ya kazi" iende katika folda yake, na iwekwe alama ya kuwa imekwisha kusomwa. Kikasha kikawa cheupe, naye akafurahi. Wiki tatu baadaye ofisi moja ikamwita kwenye usaili. Mwaliko ule nao, bila shaka, ulitaja nafasi ya kazi. Ukaingia foldani kimya kimya. Aliuona siku nne baada ya usaili kupita.

Mama yake ailaumu kompyuta hadi leo. Mimi naona kompyuta ilitii kupita kiasi. Karani angeisoma barua ile na kukimbia nayo. Kanuni haisomi, hulinganisha herufi tu.

Matangazo yale, tulipoyachunguza, yalitoka katika anwani tatu pekee. Kanuni ingefungwa kwa anwani hizo, mwaliko ungebaki kikashani. Tena Gmail hukuruhusu, kabla ya kuhifadhi kichujio, kutafuta kwanza na kuona ni barua zipi za zamani ambazo kingezinasa. Ni kazi ya dakika moja. Hiyo alama ya "imesomwa" afadhali usiitumie kabisa, ili folda iendelee kuonyesha idadi ya barua mpya. Na ipitie pia folda ya barua taka, kwani Gmail huzifuta zikitimiza siku 30.

Jioni ile ile tuliketi barazani, tukaifuta kanuni ya kwanza na kutunga nyingine. Binti aliiandikia ofisi ile kuomba radhi. Hadi naandika makala haya hajajibiwa, lakini anwani yao amekwisha kuitengea folda ya peke yake.