Maisha baada ya shingo kuvunjika

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Ndani yake hupita ugwe mgongo, njia ya amri zote zinazotoka kwenye ubongo na ya habari zote zinazorudi kutoka mwilini. Ukiumia hapo, mtu huweza kupooza mikono na miguu kwa pamoja. Huweza pia kupoteza hisia za ngozi, uwezo wa kuzuia mkojo na choo, na mara nyingine hata nguvu ya kukohoa. Huko Buhongwa, pembezoni mwa Jiji la Mwanza, ambako barabara ya Shinyanga huingiza mjini malori, daladala na bodaboda kwa msururu mmoja, chanzo kimoja cha majeraha haya, yaani ajali za barabarani, hakihitaji kutafutwa mbali. Vingine ni kuanguka kutoka mtini au kwenye jengo linalojengwa, na vijana kupiga mbizi ziwani mahali penye kina kifupi na jiwe chini. Kichocho cha ziwani nacho huweza kufika kwenye ugwe mgongo, ingawa hicho mara nyingi hudhuru miguu zaidi kuliko mikono.

Kinachobaki hutegemea pingili iliyoumia. Jeraha la juu kabisa hugusa hata pumzi. Aliyeumia usawa wa pingili ya tano kwa kawaida huweza kukunja kiwiko. Wa sita hupata kitu ambacho wengi hawakijui: akiinua kiganja kuelekea nyuma, vidole vilivyopooza hujikunja vyenyewe kwa kuvutwa na kano, na mkono huo huweza kushika kikombe chepesi, mswaki au simu. Akishusha kiganja, vidole hufunguka na kuachia. Ndugu mwenye huruma anayekaa kila jioni kumnyoosha vidole huku kiganja kimeinuliwa anaweza kuzilegeza kano hizo na kuuharibu mshiko wote bila kujua. Somo hilo ni la dakika tano, na linastahili kutolewa kwa kila familia kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini.

Hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengi walioumia hivi walikufa mapema kwa vidonda vya mgongoni na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alifungua wodi ya majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha akawapa kazi za mikono na michezo. Mashindano ya mishale aliyoyaanzisha mwaka 1948 ndiyo yaliyozaa Paralimpiki. Jambo la kushika katika habari hii ni mpangilio wake: ngozi na kibofu kwanza, halafu upinde. Mtu mwenye kidonda kilichofika mfupani hana nafasi ya kutafuta maana ya maisha, kwa sababu homa imemchukua.

Nyumbani kazi hiyo huangukia mama, mke au dada. Kugeuza, kukagua makalio na visigino kila asubuhi, kuweka mto mzuri kwenye kiti cha magurudumu, na kutoa mkojo kwa mpira mara nne hadi sita kwa siku kwa wanaotumia njia hiyo. Kuna hatari moja ambayo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawaifahamu. Kibofu kikijaa au mpira ukiziba, mtu aliyeumia shingo huweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla, akaumwa kichwa vibaya, akatokwa jasho na uso ukawa mwekundu. Akalishwe wima mara moja, nguo zilegezwe, mpira uangaliwe kama umejikunja, na asipopata nafuu akimbizwe hospitali. Kumlaza chali huku watu wakimpepea ni kumwongezea hatari.

Baada ya hapo ndipo huja swali la maisha yenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 uliwauliza wahudumu wa idara za dharura kama wangefurahi kuwa hai endapo wangepata jeraha la namna hii. Asilimia 18 tu waliona wangefurahi. Miongoni mwa watu waliokuwa wakiishi nalo, asilimia 92 walisema wanafurahi kuwa hai. Ni kweli kwamba waliojibu walikuwa katika nchi yenye viti, dawa na wahudumu. Hata hivyo tofauti hiyo inaonyesha jinsi mtazamaji anavyokosea anapoamua kwa niaba ya mwingine kwamba maisha yake yamekwisha.

Kosa hilo huonekana pia sebuleni. Miezi ya kwanza wageni hujaa, jumuiya ndogondogo huja kusali, na wengi humuuliza mama, "Anakula?" ilhali anayeulizwa habari zake yupo hapohapo, akili timamu. Baba aliyepooza hubaki baba pale mahari ya binti inapojadiliwa mbele yake na neno lake likasubiriwa. Wengine hushika hesabu za duka, hufundisha watoto wa jirani masomo ya jioni, au huendesha biashara kwa simu inayopokea amri za sauti. Nguvu ya kustahimili hukua pale mtu anapoachiwa jambo ambalo asipolifanya litaharibika. Nchini Kenya, mwaka 2012, daktari wa mifugo Zachary Kimotho, aliyepooza miguu baada ya kupigwa risasi mwaka 2004, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, ili fedha zichangwe za hospitali ya walioumia uti wa mgongo. Jeraha lake alilifanya kazi ya umma.

Kumsifu mtu kwa ujasiri huku hana mto wa kukalia ni kumdhulumu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hufundisha mafundi wa viti vya magurudumu, kwa hiyo ujuzi upo nchini. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo 10, mbili ni za watu wenye ulemavu. Fungu hilo linaweza kumfikia wa Buhongwa aliyepooza iwapo ofisa maendeleo ya jamii atamfuata nyumbani na fomu, kwa sababu daladala haibebi kiti chake. Mipira ya mkojo nayo iwekwe kwenye zahanati za kata, karibu na anayeihitaji kila siku.