Mzee anaposahau, tusisahau wajibu wetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika Surat An-Nahl, aya ya 70, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa wapo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu, wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walijua. Hata hivyo, mzee anapoanza kusahau, wapo wanaodai amerogwa, na wapo wanaomfungia chumbani kwa kuwaonea haya majirani. Haya ni maradhi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo.

Kwanza apelekwe hospitali, kwani upo usahaulifu unaotokana na upungufu wa vitamini, maradhi ya tezi au dawa anazotumia, na huo huweza kutibika.

Baada ya hapo, kazi kubwa iko nyumbani. Mama akiuliza, "Baba yenu yuko wapi?" ilhali alifariki zamani, kumjibu kila siku kuwa amekufa ni kumfisha upya. Wala hatulazimiki kusema uongo. Tumwambie, "Mama, hebu tusimulie habari zake." Tusimtahini kwa kumuuliza, "Mimi nani?" Tumwambie, "Shikamoo mama, ni mimi Zainabu, mwanao." Ale, aoge na alale kwa saa zile zile, na adhana imsaidie kujua nyakati. Taa ya njia ya chooni isizimwe usiku.

Akikosea rakaa, au akasali Adhuhuri mara mbili, tusimkemee. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeondolewa kwa aliyepotewa na akili mpaka zimrejee. Lakini kalamu iliyoondolewa kwake ingali juu yetu sisi tunaomlea.

Surat Al-Israa, aya ya 23, imekataza kuwaguna wazazi waliofikia uzee. Ni wakati gani ulimi huteleza zaidi kuliko pale mzee anapouliza jambo lile lile kwa mara ya kumi? Kwa hiyo mzigo huu asiachiwe binti mmoja, wala mfanyakazi wa nyumbani. Watoto wa kiume nao washike zamu, hata ya usiku, kwani anayechoka peke yake ndiye anayeishia kukaripia.

Mola atujaalie subira kwa wazee wetu, na atujaalie wa kutusubiria sisi tutakapofika huko. Amin.

Wabillahi tawfiq.