Waya Mmoja, Nyumba ya Wengi



Juma hili tunapenda kuzungumza na ndugu zetu, hasa kina mama, juu ya kitu kilichomo katika kila nyumba yenye umeme na ambacho ni wachache wanaokitazama: ule waya mkuu unaotoka kwenye nguzo, ukaingia mitani, kisha ukaenda kwenye swichi kubwa na kuilisha nyumba nzima.

Sisi wenyewe tulighafilika nao. Nyumba waliyotuachia marehemu wazazi wetu katika Mji wa Kale, Mombasa, ni ya kuta za mawe na dari za boriti. Baba alipoingiza umeme, haja yake ilikuwa taa chache, redio na feni moja. Leo tunakaa humo ndugu watatu, kila mmoja na watu wake. Orofa ya juu pametiwa shawa ya umeme, na ya kati pametiwa ya pili. Kila jiko lina friji na birika lake. Kila mmoja aliongeza chake. Waya wa mlangoni, kwa kuwa ni wa wote, ukawa hauna mwenyewe.

Dada yetu ndiye aliyetangulia kuona. Alitwambia kuwa shawa ikifunguliwa taa hufifia, na kwamba kisanduku cha swichi kina joto. Tukamjibu kuwa nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Fyuzi ilipokithiri kukatika, tukaifunga waya mnene ili isikatike tena. Usiku mmoja wa Ramadhani, akipika daku, akasikia harufu ya mpira unaoungua, akawahi kuzima swichi kubwa. Alhamdulillahi alikuwa macho. Sisi wengine tulikuwa tumelala.

Fundi alipofungua, alikuta waya wa milimita mraba 6, ambao ukiwa ndani ya ukuta hubeba kiasi cha amperi 40. Akatufanyia hesabu. Umeme wetu ni wa volti 240. Shawa moja ya wati 5,000 huvuta takriban amperi 21, na mbili huvuta 42. Ukiongeza birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200, jumla hufika amperi 55, na friji bado hazijahesabiwa. Waya ukitwishwa kupita uwezo wake hupata joto, ganda lake likakauka na kupasuka. Na hewa yetu ya chumvi huila shaba kwenye viungo. Fyuzi ndiyo mlinzi wa waya, nasi tulikuwa tumemfumba mlinzi macho.

Kazi yenyewe ina pande mbili. Kutoka nguzoni hadi mitani ni mali ya kampuni ya umeme, na muhuri wa mita haufunguliwi na mwingine. Huko tulipeleka ombi la kuongezewa nguvu, kwani waya wao nao sharti uuweze mzigo. Kutoka mitani kuja ndani ni juu ya mwenye nyumba, kwa mkono wa fundi aliyepewa leseni na EPRA. Wetu alituwekea waya wa milimita mraba 16, swichi kubwa mpya, waya wa ardhi uliokitwa barabara, na kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja, ambacho ni kinga kubwa kwa anayeoga. Kazi ikiisha, mtakeni fundi awape cheti chake.

Ikabaki fedha. Mmoja wetu alisema alipe mwenye shawa. Mwingine akasema tungoje nyumba igawanywe. Lakini moto haungoji mirathi. Gharama ya kuihifadhi mali ya shirika huwafuata washirika kwa kadiri ya mafungu yao; basi sisi wanaume wawili tukatoa mafungu mawili mawili, na dada yetu fungu moja, ingawa jicho lake ndilo lililotuokoa sote.

Mtume (s.a.w.) aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala, kwa kuchelea moto. Taa za utambi zimekwisha, hadhari ingalipo. Enyi waume, kabla ya kununua chombo kingine cha umeme, waulizeni wake na dada zenu: taa hufifia saa ngapi? Na wakiwajibu, wasikilizeni.

Wabillahi tawfiq.