Chanjo ya Siku Kumi, Kibali cha Siku Tatu

Kila msimu wa makongamano nawaona watumishi na wanafunzi wakihangaikia chanjo ya homa ya manjano siku mbili kabla ya kupanda ndege. Tumezoea kuwaita wazembe. Naona lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili.

Kanuni za Afya za Kimataifa ziko wazi: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Muda huo haukubuniwa na maafisa wa mipakani. Mwili ndio unaouhitaji ili ujenge kinga. Ofisi inayotoa kibali siku tatu kabla ya safari inamtaka mtu afanye lisilowezekana, kisha inashangaa kusikia kwamba zipo kadi za njano zinazouzwa zikiwa na tarehe za nyuma. (Muuza tarehe, bila shaka, hauzi kinga.)

Mwaka 2016 mlipuko ulioanzia Luanda ulivuka hadi Kongo, na wasafiri waliotoka Angola waliufikisha ugonjwa huo Kenya na hata China, katika bara ambako haujawahi kuota mizizi.

Tangu Julai 2016 cheti hiki hudumu maisha yote ya aliyechanjwa. Kwa nini basi tusubiri barua ya mwaliko? Mtumishi ambaye kazi yake huenda ikampeleka nje achanjwe anapoajiriwa, isipokuwa aliyezuiwa na daktari. Mwanafunzi naye, anapopata ufadhili. Asiyechanjwa bado, kibali kimfikie wiki mbili kabla ya safari, kikiwa na fedha za chanjo.