Ngazi Tatu za Zahanati

Sisi wa Mofu tunaijua masika. Mvua za Machi na Aprili zikichanganya, bonde la Kilombero hujaa maji. Njia zinakuwa tope na pikipiki zinakwama. Mwenye miguu mizima hukunja suruali, akavuka. Je, asiyeweza kutembea avukeje?

Jirani yangu mmoja ni mama aliyepooza miguu. Hutambaa kwa mikono. Siku moja aliugua ugonjwa wa akina mama. Shemeji yake alimpakia kwenye baiskeli, akaisukuma hadi zahanati moja ya huku bondeni. Mlangoni palikuwa na ngazi 3. Shemeji akambeba mgongoni mbele ya watu wote, akaingia naye mpaka kwa mganga.

Mganga akauliza, "Mama, unaumwa nini?"

Mama akamtazama shemeji yake. Akajibu, "Kichwa."

Akapewa dawa ya kichwa. Akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Wapo waliomcheka. Mimi nasema kosa si lake. Nani kati yetu atataja mambo ya siri ya mwili wake mbele ya shemeji? Zahanati ilikuwa wazi na dawa zilikuwapo, lakini hakutibiwa. Kiziwi naye hupata taabu hiyo hiyo. Huja na mtoto wake wa darasa la tatu amsemee, na mtoto anasikia yote.

Wengine husema watu hawa ni wachache, fedha zinunue dawa kwanza. Lakini njia ya mteremko hapandi kiwete peke yake. Hupanda pia mzee wa mkongojo, mama mjamzito, na mgonjwa wa machela. Na fedha gani tunazungumzia? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo. Kuchimba choo ni kazi kubwa kuliko kujenga mteremko.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka pawe na kamati ya watu wenye ulemavu hata kijijini. Kamati hiyo isiwe majina ya kwenye daftari tu. Ijue nani yuko nyumba gani. Wakati wa kilimo sisi huhamia mashambani, tukalala kwenye madungu. Asiyeweza kupanda dungu huachwa nyumbani na watoto wadogo, wiki baada ya wiki. Akiugua, nani atajua? Muuguzi anayezunguka na chanjo za watoto aelekezwe kwenye nyumba hiyo pia. Na mgonjwa akifika zahanati, aliyemleta aombwe kungoja nje, isipokuwa mgonjwa mwenyewe akimtaka.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi 3. Mkutano ujao nitasimama niyaseme haya. Ngazi zile nimekwisha kuzipima kwa kamba: kimo chake ni nusu mita. Kwa kila mita 1 ya kimo, mteremko unahitaji urefu wa mita 12. Basi hapa zinatosha mita 6. Tofali ninazo nyuma ya nyumba yangu, zilibaki nilipojenga jiko. Mchanga uko mtoni. Wanatakiwa watu wa kubeba.